Sura ya Saba: Padi ya Kijino

Mkuu wa upelelezi alikuwa na tabia ya kugonga meza kwa kalamu kila alipoamini kwamba kesi imekwisha. Ijumaa ile asubuhi aligonga mara tatu.

"Saa nane jalada liko kwa mwendesha mashtaka," alisema. "Saa nane kamili, Afande. Na usiniletee kwa nini zako."

Inspekta aliyeambiwa hayo alikuwa mama mwembamba aliyebakiza miezi saba kustaafu. Kituo kizima kilimwita Bi Kwanini, mwanzoni kwa kunong'ona, halafu waziwazi walipogundua kwamba hakasiriki. Mkuu mwenyewe alikuwa mwanafunzi wake zamani, na bado alimwogopa kidogo, ndiyo maana alipenda kumkemea.

"Ninayo moja tu," alisema Bi Kwanini.

"Moja yako huwa inazaa."

Jalada alilijua kwa moyo. Marehemu alikuwa mzee mjane, fundi saa mstaafu. Mwaka mmoja na nusu uliopita kiharusi kilimpoozesha mkono wa kushoto na kumwachia mguu wa kuburuta. Jumanne asubuhi binti yake, muuguzi, alimkuta amelala sakafuni sebuleni, nyuma ya meza ya televisheni, kichwa kimepasuliwa na kona ya meza ile. Daktari alisema alikufa Jumatatu, kati ya saa kumi na mbili jioni na saa mbili usiku. Mwanawe wa kiume, mchora mabango, alikuwa amekuja kumtembelea Jumatatu hiyo kama Jumatatu zote, wacheze mchezo wa zamani wa televisheni waliokuwa wakiucheza kijana alipokuwa mtoto, siku hizi kwa kompyuta. Saa tisa jirani alisikia ugomvi, kisha sauti ya kijana ikipaza: "Mimi sirudi tena!" Mlango ukabamizwa.

Hadi hapo ni ugomvi wa baba na mwana, na magereza yasingetosha kama kila ugomvi wa namna hiyo ungekuwa jinai. Kilichomtia kijana matatani ni maneno yake mwenyewe. Aliandikisha kwamba aliuacha mchezo umeharibika, picha haitazamiki, na kwamba alizichomoa padi zote mbili, vile vidude vya kushika mikononi vyenye vitufe, akazitupa kapuni. Lakini dada yake alipoingia asubuhi, mchezo ulikuwa unang'aa kwenye kioo. Padi moja ilikuwa imechomekwa. Ya pili ilikuwa chini ya mwili wa mzee, waya wake umechomolewa.

"Mchezo haujitengenezi," alisema Mkuu. "Kidole kimoja hakivunji chawa. Mzee wa mkono mmoja, aliyeishi maisha yake yote akichungulia saa, ndiye atengeneze kompyuta? Kijana alirudi, akautengeneza, wakacheza, wakagombana tena, akamsukuma. Waya ulichomoka kwenye purukushani. Fimbo ya mzee imekutwa kwenye kiti, hatua tatu kutoka kwenye mwili. Maana yake aliburutwa."

"Na Kijino?"

Mkuu alishusha sauti. Kwenye waya wa padi iliyokuwa chini ya mwili kulikutwa kikaratasi kigumu kimefungwa kwa uzi. Upande mmoja kilikuwa na misalaba kumi na nne na alama moja ya vema. Upande wa pili kilikuwa na maneno mawili: Kijino. Tayari.

"Mshirika wake," alisema Mkuu. "Na ile misalaba ni mabao waliyofungana. Vijana wangu wanamtafuta huyo Kijino mitaani siku ya tatu leo. Hilo jina lisitajwe kwa ndugu wa marehemu, asije akaponyoka."

Aligonga meza mara ya nne, na Bi Kwanini akatoka.

Chumba cha vielelezo kilikuwa mwisho wa korido, na koplo aliyekitunza alikuwa na mafua na daftari kubwa la kusaini, lililokuwa mboni ya jicho lake. Mle ndani, mbele ya kompyuta ndogo ya marehemu, alishakaa fundi ambaye Bi Kwanini alimwita kwa gharama zake mwenyewe. Watu wa soko la vifaa vya umeme walimwita Waya. Alikuwa mtu mzima mwenye tumbo, na kidole cha shahada kilichoungua mara nyingi kwa risasi ya kulehemu.

"Hii ni emuleta, mama," alisema Waya. "Ile mashine ya zamani ya mchezo ishakufa. Sasa unaweka programu kwenye kompyuta, inajifanya ndiyo ile mashine. Mchezo unadanganywa unadhani uko kwao. Lakini si unajua njia ya mwongo ni fupi? Mara picha inaharibika, mara padi haisikii. Mimi na watoto wangu tunakula kwa hayo."

"Nionyeshe kijana alivyoiacha."

Waya alirudisha mipangilio ya zamani, akafungua mchezo. Walitokea wachimba kisima wawili wadogo, mmoja mwenye kofia ya bluu na mwingine ya kijani, wamesimama ukingoni mwa shimo. Hawakuwa na nyuso. Mahali pa nyuso palikuwa na weusi mtupu, na mistari ilikatakata kioo kutoka juu hadi chini. Kisha akarudisha mipangilio iliyokutwa Jumanne. Mistari ikatoweka. Wachimba kisima wakapata macho na tabasamu.

"Tatizo ni dogo," alisema Waya. "Kuna njia mbili za kuchora picha. Ama ichore kadi ya picha, haraka haraka, ama ichore programu yenyewe, polepole lakini kwa uaminifu. Mchezo huu wa kizamani unataka ya pili."

"Wewe ingekuchukua muda gani kugundua?"

"Dakika tano."

"Na huyu aliyegundua?"

Waya alicheka, akafungua faili ambamo programu hujiandikia kila inachofanya. Kicheko kikamwishia njiani. Alisogeza kiti.

"Programu imefunguliwa Jumatatu saa kumi na dakika ishirini na mbili jioni. Ikafungwa. Ikafunguliwa tena. Ikafungwa." Alihesabu kwa kidole kilichoungua. "Mara kumi na tano, mama. Ya mwisho ndiyo iliyofaa, saa kumi na mbili na dakika thelathini na saba. Zaidi ya saa mbili!"

Bi Kwanini alitazama saa yake ya mkononi, akaitazama ya kompyuta. Ya kompyuta ilikuwa nyuma kwa dakika nne. Aliandika hilo kwanza.

"Nisomee alichobadilisha kila mara."

"Mara ya kwanza kagusa rangi. Haikufaa, kairudisha ilivyokuwa. Mara ya pili kagusa ukubwa wa picha. Kaurudisha. Ya tatu kagusa vivuli, kavirudisha." Waya aliendelea kusoma kwa sauti inayopungua. "Kitu kimoja tu kila mara. Kimoja, anajaribu, anarudisha. Sisi mafundi hatufanyi hivi. Sisi tunagusa vinne kwa mpigo, yaliyobaki tunamwachia Mungu."

"Kwa nini mtu arudishe?"

"Ili ajue ni kipi hasa kilichoponya." Akakuna shingo. "Ni ufundi mzuri. Ila unataka subira ya mtu asiye na haraka ya kwenda popote."

Mara kumi na nne haikufaa, mara moja ikafaa. Bi Kwanini alikivuta kifuko chenye kikaratasi, akaihesabu ile misalaba upya. Alimwomba koplo amletee kijana chumba cha mahojiano.

Kijana alikuwa na miaka thelathini na kitu. Rangi za mabango zilikuwa bado zimemganda kwenye kucha, na siku tatu za mahabusu zilikuwa zimemkondesha usoni. Alikaa bila kuambiwa.

"Picha iliharibika lini?" aliuliza Bi Kwanini.

"Jumatatu ileile. Niliweka toleo jipya la programu, nikadhani namfurahisha."

"Ukafanya nini ilipoharibika?"

"Nikabonyeza kila kitu. Ikazidi kuharibika."

"Baba yako akasemaje?"

Kijana alitabasamu vibaya. "Alisema anayoyasema tangu nina miaka sita. Gusa kimoja, jaribu, rudisha. Gusa kimoja, jaribu, rudisha. Alitaka nirithi meza yake ya saa, mama. Alinifundisha kwa wimbo huo mpaka nikazikimbia saa, nikaenda kuchora mabango. Miaka kumi na mbili hakunisemesha vizuri. Kiharusi ndicho kilichoturudisha mezani, na huo mchezo. Hatukuwa na kingine cha kuzungumza."

"Jirani alikusikia ukisema hurudi tena. Kabla ya hapo ulisema nini?"

"Nilishaandikisha maelezo."

"Uliandikisha nusu. Mtu habamizi mlango kwa sababu ya picha ya mchezo."

Kijana aliinamisha kichwa mpaka paji likakaribia kugusa meza. Alipojibu, aliijibu meza.

"Nilimwambia, 'Basi tengeneza mwenyewe, kwa huo mkono wako mmoja.'"

Koplo aliyesimama mlangoni alikohoa, akatazama pembeni. Bi Kwanini aliandika maneno yale kama yalivyo.

"Ulimi hauna mfupa," alisema kijana. "Nilifika kituo cha basi nikakaa pale mpaka giza. Nilitaka kurudi nikamwombe radhi. Nikasema nitarudi Jumatatu ijayo, akishapoa. Sikurudi, mama. Laiti ningekuwa nimerudi kama mnavyosema."

"Padi huchomekwa wapi?"

"Nyuma ya kompyuta, na kompyuta iko nyuma ya televisheni. Lazima uinamie meza. Nilimkataza kugusa huko. Siku zote nachomeka mimi."

"Fimbo yake?"

"Haiachi hata akienda chooni. Bila fimbo hafiki mbali."

Bi Kwanini alifunga daftari. Kijana alimwahi kabla hajainuka.

"Dada yangu amekuja?"

"Hajaja."

"Hatakuja," alisema kijana, na kwa namna alivyosema ilionekana hilo ndilo lililokuwa limemkondesha, si chakula cha mahabusu.

Waya alikuwa amezipanga padi mbili mezani. Moja ilikuwa na utepe mwekundu, nayo ndiyo iliyokutwa imechomekwa. Ya pili ilikuwa haina utepe, ila alama ya uzi kwenye waya wake.

"Kijana huyu alimpenda babaye," alisema Waya. "Tazama. Programu hii ina mchezaji wa kwanza na wa pili. Wa kwanza amepangiwa kila kitu kwenye mkono wa kulia. Kijiti cha kulia ndicho kinachomtembeza mchimba kisima, vitufe vyote vya kazi viko chini ya gumba la kulia. Halafu kijiti kimeambiwa kisisikilize mtikisiko mdogo, kwa ajili ya mkono unaotetemeka. Hiyo kazi imepimwa na kupimwa, mama, si ya siku moja. Mchezaji wa pili ndiye wa kawaida, mikono miwili."

"Na mashine inajuaje padi ipi ni ya nani?"

"Haijui. Inahesabu tu. Itakayochomekwa mwanzo ndiyo nambari moja, itakayofuata ndiyo mbili. Ndiyo maana kijana akaweka utepe, asisahau kuanza na ya baba. Wateja wangu hili linawatesa kuliko yote. Wanadhani padi imekufa, kumbe wamebadilisha foleni."

"Jumatatu zilichomekwa vipi?"

Waya alirudi kwenye faili. "Saa kumi na mbili na dakika arobaini na tisa, imeingia hii isiyo na utepe. Hamsini, imeingia yenye utepe. Hamsini na mbili, isiyo na utepe ikachomolewa." Akasogeza chini. Hakukuwa na chochote chini. "Basi. Hapo ndio mwisho mpaka asubuhi."

"Zichomeke hivyohivyo."

Alizichomeka. Bi Kwanini akaichukua padi yenye utepe, akautia mkono wake wa kushoto mfukoni mwa koti, akabonyeza kwa mkono wa kulia. Yule wa kofia ya bluu, mchezaji wa kwanza, hakusogea. Aliyetikisika ni wa kijani, mwenzake, naye alizunguka pale pale bila kwenda kokote. Alijaribu dakika mbili nzima. Alihisi aibu ndogo, aibu ya kushindwa na kitu cha watoto, akamfikiria mzee yule akiihisi aibu hiyohiyo baada ya saa mbili na nusu za kazi.

"Sasa nifanye nini?"

"Uzichomoe zote mbili uanze upya, mama. Yenye utepe itangulie."

"Kwa hiyo niinuke, niende nyuma ya meza, niinamie."

"Ndiyo."

"Kwa mkono mmoja."

Bi Kwanini alichukua picha ya chumba, akaweka kidole juu ya fimbo iliyoegemea kiti. Mkono ule mmoja ungeweza kushika fimbo, au plagi. Visingeshikwa vyote viwili. Mzee hakuburutwa kutoka kwenye fimbo yake. Aliiacha mwenyewe, kwa sababu ni hatua tatu tu, na kwa sababu kazi ilikuwa karibu kwisha.

"Kijana angeweza kukosea foleni hii?" aliuliza.

"Aliyeweka utepe? Hata gizani asingekosea. Hili ni kosa la mtu anayechomeka kwa mara ya kwanza."

Plagi za padi zote mbili hazikuwa zimepimwa alama za vidole, kwa sababu mtaalamu alielekezwa kwenye milango na meza. Bi Kwanini alizituma zikapimwe, koplo akamsainisha mara mbili, naye akaelekea hospitali. Ilikuwa saa tano na robo.

Alimkuta binti wa marehemu kwenye chumba cha nyuma cha wodi, akikunja bendeji. Alikuwa mkubwa kwa mdogo wake kwa miaka mitano, na alikunja kwa nguvu kuliko bendeji zinavyohitaji.

"Nimeshasema yote, mama. Alimpigia baba kelele, akaondoka, baba akafa. Baba aliyenibeba mgongoni. Huyo mtu sina undugu naye."

"Sikuja kumtetea. Nimekuja kukuuliza kitu kimoja, mwanangu. Kijino ni nani?"

Mikono ilisimama. Bi Kwanini alijua anavunja amri ya Mkuu, akaitoa picha ya kikaratasi akaiweka juu ya bendeji.

"Mmekipata wapi hiki?"

"Nijibu kwanza."

"Ni mdogo wangu." Alikaa taratibu kwenye benchi. "Jino lake la mbele liling'oka mapema, likagoma kuota miaka miwili. Baba ndiye aliyempa jina hilo, na hakuna mwingine aliyeruhusiwa kulitumia. Siku mdogo wangu alipokataa kazi ya saa, baba aliacha kumwita hivyo. Hata alipokuwa akija Jumatatu, alimwita kwa jina la kitambulisho, kama mgeni."

"Na misalaba?"

"Ni kikaratasi cha saa hicho. Alikifunga kwenye kila saa iliyoletwa. Akijaribu ikashindikana, msalaba. Akijaribu ikakubali, vema. Halafu anageuza, anaandika jina la mwenyewe na neno hilo, aje achukue." Alipitisha kidole juu ya picha. "Hakuandika 'tayari' kwa saa isiyotembea, mama. Hata mteja alie machozi."

"Uzi alikuwa anafungaje, kwa mkono mmoja?"

"Kwa meno. Nilimgombeza, atavunja meno. Akasema yakivunjika ataitwa Kijino yeye."

Bi Kwanini alikumbuka uzi ule kwenye kifuko, ncha zake zimetafunika na kukauka. Akamweleza yote, kwa mpangilio, kama anavyoeleza mahakamani. Alieleza majaribio kumi na tano, kikaratasi, plagi na fimbo. Alipomaliza, muuguzi alikuwa ameshika bendeji moja kwa mikono miwili, haikunji wala haifungui.

"Siku tatu nimekuwa nikiomba mdogo wangu afie humo ndani," alisema. "Siku tatu, asubuhi na jioni, nimepiga magoti."

Akalia hapo hapo, kwa sauti, bila kujificha. Bi Kwanini alimshika mkono mpaka alipotulia.

Saa saba na nusu Mkuu alisikiliza bila kugonga meza. Alijaribu kupinga mara mbili. Mara ya kwanza alisema faili la kompyuta linaweza kughushiwa. Mara ya pili simu ikalia. Alikuwa mtaalamu wa alama za vidole. Kwenye plagi zote mbili, na kwenye padi ile isiyo na utepe, alama za juu kabisa zilikuwa za marehemu, gumba na kidole cha shahada cha mkono wa kulia. Za mwanawe zilikuwa chini yake, za zamani zaidi, zimefunikwa. Tangu mzee ashike, hakuna mwingine aliyeshika.

Mkuu aliweka simu chini. "Kidole kimoja," alisema taratibu.

"Viwili, Afande. Na meno."

Alilivuta jalada, akaandika kwenye ukurasa wa mbele, akatia sahihi. Kisha akapiga simu kuwarudisha vijana wake waliokuwa wakimsaka Kijino mitaani, na alipoulizwa kama amepatikana akajibu kwamba ndiyo, alikuwepo siku zote.

Kijana aliletwa kwenye dirisha la vielelezo kuchukua mali ya baba yake. Dada yake alikuwa amesimama pale na koti la mdogo wake mkononi, bado amevaa sare za kazi. Hawakukumbatiana. Alimvalisha koti tu, mkono mmoja baada ya mwingine, kama anavyovalishwa mgonjwa, akamfunga vifungo vyote mpaka shingoni ingawa hakukuwa na baridi. Kijana alimwacha afunge.

Bi Kwanini alimweleza alichokuwa na wajibu wa kumweleza. Baba yake alifanya kazi peke yake zaidi ya saa mbili. Alishindwa mara kumi na nne. Picha ikakubali. Alichomeka padi, kukawa na kasoro, akainuka kurekebisha bila fimbo, akaanguka. Haikuwa jinai ya mtu yeyote.

Kijana alikuwa anakitazama kikaratasi. Alisoma upande mmoja, akageuza, akasoma wa pili. Midomo yake ilitamka lile jina bila sauti.

"Kasoro gani?" aliuliza.

"Padi haikusikia."

"Ya baba inasikia. Niliipanga mwenyewe wiki tatu." Aliinua macho. "Ipi iliingia kwanza?"

Tangu asubuhi Bi Kwanini alijua swali hilo litakuja, kwa sababu mtu mmoja tu duniani alikuwa na akili ya kuliuliza. Angeweza kusema faili halionyeshi. Alikuwa amewahi kudanganya watu kwa mema madogo kuliko hilo. Lakini huyu alikuwa mtoto wa fundi saa, angekwenda nyumbani akalifungua faili lilelile, akajaribu kimoja kimoja mpaka alijue.

"Yako," alisema.

Kijana alitikisa kichwa polepole, akielewa hatua kwa hatua. "Alifunga kikaratasi kwenye yangu. Na kwa kuwa ilikuwa mkononi, akaichomeka. Halafu ndiyo akachukua ya kwake."

"Ndiyo."

"Angeanza na yake asingeinuka tena."

Dada yake alimshika begani, na mkono ukabaki pale. Kijana alilia kimya kimya, machozi yakidondokea kwenye kifungo cha juu cha koti.

Koplo mwenye mafua, ambaye hakuwa na njia nyingine ya kumsaidia mtu, alisogeza daftari lake kubwa dirishani na kuweka kalamu juu yake. Padi mbili, kompyuta moja, kikaratasi kimoja chenye uzi. Jina la mchukuaji, kama lilivyo kwenye kitambulisho.

Kijana alijifuta uso kwa kiganja, akachukua kalamu, akaandika: Kijino.

Koplo alifungua mdomo kuuliza kwa nini. Bi Kwanini, kwa mara ya kwanza katika utumishi wake wote, alimwambia asiulize.